Hatua za Mtu Anayetaka Kuitwa

Nakagua mikoba huku Shiling, mtaa wa viwanda vya mikoba ng'ambo, kwa niaba ya wanunuzi wa Moshi na Arusha. Kila zipu naivuta mara kumi, kila mkanda naupinda, kisha natazama mishono. Mkoba wenye kasoro naurudisha kiwandani. Kwa miaka sita niliishi na watu vivyo hivyo: aliyenikera nilimrudisha alikotoka, na siku zote mimi ndiye niliyetangulia kuondoka.

Nililiona hilo vizuri Aprili, nilipomkatia tiketi binti yangu Careen. Ana miaka kumi na mmoja. Tangu akiwa na mitano analelewa Moshi na mdogo wangu Kalista. Julai angekuja kuishi nami. Niliogopa, na hofu yangu ilikuwa na ushahidi: angenikasirikia siku moja, nami ningemrudisha. Mwisho wa kufuta tiketi ulikuwa Ijumaa ya mwisho ya Mei.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwanakhamis, Mzanzibari aliyesomea London tiba ya mazungumzo. Anapokea watu katika chumba kimoja mjini, ghorofa ya tisa, kila mtu na saa yake. Yangu ilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri.

Kikao cha nne nilimwambia, "Bi Mwanakhamis, leo tufanye dakika thelathini. Basi la Shiling limenichosha."

"Muda wetu hamsini."

"Arobaini, basi."

"Hamsini."

"Hata laoban wangu wa zipu hupunguza."

"Bosi wako huyo anauza zipu. Mie sina zipu."

Nilimwambia kwamba hajui lolote, kwamba analipwa kukaa kimya, na kwamba hata mto wa kiti nilichokalia umeshonwa vibaya. Nikachukua mkoba, nikatoka.

Kila mnunuzi wa mji huu anaijua mbinu hiyo. Unageuka, unatembea hatua za mtu anayetaka kuitwa. Kwenye ya tatu muuzaji anakuita, na ukifika kwenye lifti bei imeshashuka. Nilifika kwenye lifti. Hakuna aliyeita. Nilishuka, nikasimama mbele ya duka la matunda. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili. Nilikuwa na hakika kwamba amefunga mlango na kunifuta.

Baada ya kusimama pale kwa muda, nilipanda tena kuthibitisha. Mlango ulikuwa wazi kama nilivyouacha. Mwanakhamis alikuwa kwenye kiti kilekile, na glasi yangu ya maji haijaondolewa.

"Tuna dakika kumi na moja," alisema.

"Mbona hukuniita?"

"Kutoka ilikuwa haki yako. Kubaki ilikuwa kazi yangu."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Mto ule nimeushona mwenyewe."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza mbele yake. Kisha akanieleza. Mtoto mchanga akikasirika humwangamiza mama yake, ndani ya kichwa chake. Halafu anatazama: mama yupo, hajavunjika, hajalipiza. Hapo ndipo anapojua kwamba huyu ni mtu kweli, si picha aliyojitungia, na kwamba anaweza kumtegemea.

"Wewe ulipokuwa ukikasirika," aliuliza, "nani alikuwa akibaki?"

"Hakuna," nilisema.

Jumamosi, siku sita kabla ya mwisho wa kufuta tiketi, nilimpigia Careen simu. Huku ilikuwa saa tisa alasiri.

"Siji," alisema. "Mama mdogo ndiye mama yangu. Wewe ni mama wa kwenye simu." Akakata.

Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye ukurasa wa tiketi. Nilikitoa. Sikumpigia mfululizo, wala sikumshtaki kwa Kalista. Nilituma ujumbe mmoja: "Nimekusikia. Nipo hapa hadi saa kumi ya huku." Nikaiweka simu mezani, nikakaa mbele yake.

Iliita saa kumi kasoro dakika saba.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Umekasirika?"

"Kidogo."

Kisha akauliza kama shule za huku watoto wanavaa sare.

Alhamisi iliyofuata nilikaa dakika zote hamsini, nikamwambia Mwanakhamis kwamba tiketi siifuti. Mwishoni nikasema asante. Neno hilo nimewaambia wauzaji maelfu ya mara, ili kufunga biashara. Mara hii hapakuwa na biashara ya kufunga. Nilikuwa nimepewa kitu, nami nilijua ni nani aliyenipa.

Nilipoinuka niliukagua ule mto. Mshono wa kushoto umepinda. Niliuvuta mara kumi, na umeshika.