Kikao cha Umeme Mdogo

Usiku wa jana niliota jengo ninalolisimamia limeniita kwenye kikao, nami nimechelewa.

Ni jengo la biashara la ghorofa nne, hapa Mbeya, na huu ni mwaka wangu wa tisa wa kulisimamia. Sijawahi kuchelewa kazini. Katika ndoto nilichelewa kwa sababu nilikuwa na kiatu kimoja, na mguu wa pili haukuwa na hata soksi. Niliomba radhi mlangoni. Mlango ukasema radhi imepokelewa, ila niguse kadi.

Kikao kilikuwa ghorofa ya pili, kwenye mgahawa wa Mama Lugano. Mwenyewe alikuwa pembeni anakaanga maandazi kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa kile kisanduku chekundu cha kuongoza ving'ora kinachokaa ukutani pale mapokezi, na leo alivaa miwani. Kandokando yake walikaa watu wafupi ishirini na nne, wenye viatu vidogo, wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Hawa ni akina nani?" nikauliza.

"Sisi ni umeme mdogo," akajibu wa mbele. "Volti ishirini na nne. Tumekuja wote."

Akanipa mkono. Nikamshika, nikaenda kwa wa pili, hadi wa ishirini na nne. Kiganja kiliwasha kidogo, basi.

"Na umeme mkubwa?"

"Ametuma udhuru, yuko chini anaendesha lifti. Afadhali, maana yeye akikupa mkono, jioni nyumbani kwako watu wanafunga maturubai."

Katibu, ambaye ni kamera ya korido, akaliandika hilo.

Ajenda ya kwanza ilikuwa faida za umeme mdogo katika majengo ya biashara. Nikatoa daftari, maana mimi ni mtu wa kazi.

Taa ya chooni ilisimama kwanza. "Zamani nilikuwa nawaka kutwa nikitazama ukuta," ilisema. "Tangu niwekewe jicho, mtu akiingia nawaka, akitoka nalala. Mnaniona nilivyonenepa." Kweli ilikuwa imenenepa.

Spika ya darini ikasema inaweza kuita ghorofa zote nne kwa wakati mmoja. "Zamani mlimtuma Haonga apande ngazi akipiga kelele. Akifika juu, ujumbe kausahau." Haonga ni mlinzi wetu. Hilo nalo ni kweli tupu.

Kamera ikasema inaona kila kitu na haisemi mpaka iulizwe. Kisha ikanitazama kwa muda mrefu. Sikuipenda ile.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulizungumza bila kusimama, kwa kuwa milango husimama muda wote. "Mimi natunza vitambaa vya mafundi cherehani. Kabla yangu vilikuwa vinaondoka bila kuaga. Kuingia kadi, kutoka kadi. Ila pakiwa na moto najifungua mwenyewe, watu wapite. Niambiwe tu."

"Unaambiwa na nani?"

"Na mwenyekiti."

"Na mwenyekiti anaambiwa na nani?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Mimi naambiwa na Pua."

Wote wakageukia kiti cha mwisho. Alikaa pale kile kidude cha darini cha ghorofa ya tatu, kinachonusa moshi, hakizidi kisahani cha chai. Alikuwa amevishwa soksi nyeupe ya mtoto mpaka shingoni, ikafungwa kwa mpira. Akasema kitu ndani ya soksi.

"Katibu, andika kwamba mjumbe amenung'unika," akasema mwenyekiti.

Niliijua ile soksi. Ni ya binti yangu, Tusekile. Miezi mitatu iliyopita moshi wa maandazi ya Mama Lugano ulikuwa unapanda ngazi kila asubuhi, Pua anaunusa, king'ora kinalia, na jengo zima linashuka uani kusimama kwenye baridi. Ilitokea mara saba. Wapangaji walinisema mpaka nikachukia. Siku ya nane nikapanda ngazi ya mbao na soksi ya kwanza niliyoikuta kwenye kamba ya nguo nyumbani, nikamziba. Tangu hapo ni amani tupu, na nilijisifu sana. Tusekile naye anakwenda shule na soksi zisizofanana, na mimi ndiye ninayemgombeza kwa kupoteza vitu.

Katika kikao nilitazama dari kama mgeni. Hapo ndipo nilipouona moshi, na haukuwa wa maandazi.

"Mwenyekiti, kuna moshi unatoka ghorofa ya tatu."

"Haumo kwenye ajenda. Ulete kwenye mengineyo."

"Tuko ajenda ya ngapi?"

"Ya kwanza. Ziko kumi na moja."

Natoka mbio. Ngazi za jengo zimegeuka korido ya shule ya Tusekile, na watoto wamo madarasani wanaimba jedwali la ishirini na nne. Mwisho wa korido uko mlango wa ghorofa ya tatu, ule wa kioo. Nyuma ya kioo yumo Subilaga, kiongozi wa mafundi cherehani, na wenzake kumi na watano, katikati ya marundo ya sare za shule. Subilaga anagonga kioo kwa kastabini yake.

"Kaka Mwaisumo, huku ndani tumeanza kukohoa. Tufungulie."

"Sasa hivi, dada."

Nagusa kadi. Mlango unasema kadi yangu ni ya kikao.

"Fungua, kuna moshi."

"Sijaambiwa."

"Nakuambia mimi."

"Wewe si Pua," unasema mlango, bila ubaya wowote.

King'ora cha ghorofa hii kiko juu ukutani. Nacho hakijaambiwa. Spika inasema ingewaita watu wote sasa hivi, lakini haijaambiwa. Wale wafupi ishirini na nne wamejipanga ukutani, wanatazama viatu vyao.

"Tuko tayari, mkuu," wananong'ona. "Lakini ukimziba wa kwanza, sisi wengine ni mapambo."

Subilaga hapigi kelele. Anawaambia wenzake wainame, hewa iko chini. Naogopa, na nasema wazi, sijawahi kuogopa hivyo nikiwa macho.

Ngazi ya mbao iko pale pale nilipoiacha miezi mitatu iliyopita, na juu yake Pua amerudi darini na soksi yake. Napanda kidato kimoja, dari nayo inapanda kimoja.

"Siku ile ulipanda haraka," inasema ngazi. "Leo kila kidato taja sababu."

"Nilichoka kelele."

Dari inatulia. Napanda kimoja.

"Wapangaji walinisema."

Napanda cha pili.

"Nilijiambia ni kwa wiki moja tu."

"Endelea."

"Kisha sikutaka kukumbuka."

Kichwa changu kinagonga dari. Mpira unagoma, nauvuta kwa meno, soksi inatoka. Pua ananusa mara moja.

"Moshi," anasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nimeambiwa," anasema mwenyekiti kutoka ghorofa ya pili. Nimeambiwa, kinasema king'ora, na kinalia. Nimeambiwa, unasema mlango, na unafunguka. Kina mama wanatoka mmoja mmoja, wameinama, Subilaga nyuma yao akihesabu kwa kastabini.

"Kumi na sita, pamoja na mimi," anasema. Kisha anautazama mguu wangu. "Kaka, utapata mafua."

Wafupi wananipa mkono tena, kwa zamu. Nilipofika kwa wa ishirini na nne, nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Kiganja kilikuwa kinawasha. Nilikuwa nimeshika soksi nyeupe ya mtoto, na mpira uko kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Baba Tusekile," akasema mke wangu akiwa amesimama na kikombe, "hiyo soksi nimeitafuta miezi mitatu. Na mbona inanuka moshi?"

Kabla sijajibu, simu ikaita. Alikuwa Haonga.

"Mkuu, shikamoo. King'ora kililia saa kumi na mbili na nusu. Mafundi walikesha wakishona sare, mmoja akasahau pasi juu ya vitambaa kule ghorofa ya tatu. Mlango ulifunguka wenyewe, wakashuka wote. Moto tumeuzima."

"Wote?"

"Kumi na sita. Nimewahesabu mara mbili."

Nilikaa kitandani, machozi yakanitoka mbele ya mke wangu.

"Mkuu, bado uko?" akasema Haonga. "Nilitaka kuuliza. Ile soksi uliyofunga darini, nani aliitoa?"

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Mguu mmoja ulikuwa na soksi nyeupe, mwingine bluu. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Baba," akasema, "si nilikwambia sikuipoteza?"

Nikapiga magoti, nikamvua ile ya bluu.