Lugha Iliyomrudia Bibi

Kiharusi kilimwangusha Bibi jikoni, kikamnyang'anya maneno yote isipokuwa yale ambayo mjukuu wake hakuwahi kumsikia akiyatamka. Siku ya tatu alifumbua macho, akaomba kitu. Mjukuu akamletea maji, akayasukuma. Akamletea uji, akageukia ukutani.

"Bibi, unataka nini?"

Bibi akajibu kwa kirefu, tena kwa hasira, kama mtu anayejua vizuri anachokisema.

"Hayo ni maradhi tu," alisema Mama huku akikunja shuka. "Kichwa kimevurugika. Usijisumbue."

Lakini mjukuu alikuwa msusi, na msusi masikio yake ni mali kama vidole vyake. Alisikia utaratibu ndani ya yale maneno. Kila alasiri Bibi alitamka maneno mafupi mafupi, moja baada ya jingine, kisha akanyamaza na kumkazia Mama macho, akingoja. Mama aliokota bakuli, akatoka. Hapo Bibi alilia bila sauti.

Msusi aliirekodi sauti ile kwenye simu, akawa anawasikilizisha wateja. Wengine walisema ni lugha ya majini. Wengine walitikisa kichwa, jambo la hatari kwa mtu anayesukwa. Wiki ya pili, muuza nyanya mmoja akaguna kwa mshangao.

"Yule fundi viatu wa nyuma ya soko, akijichoma sindano hutukana hivyo hivyo!"

Msusi alimkuta mzee huyo amebana kiatu cha mtoto katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Soli au kisigino?"

"Nimefuata masikio yako tu."

Fundi alisikiliza, sindano ikamsimama mkononi. Akaomba irudiwe. Mara ya tatu alivua miwani.

"Tangu nimzike mama yangu sijasikia kiumbe akisema hivi. Huyu ni nani wako?"

"Bibi yangu, mzaa mama."

"Basi anawataja wanawake wa ukoo wenu. Anaanza na yule wa mwanzo kabisa, anashuka mpaka kwake mwenyewe, halafu ananyamaza. Hapo binti yake anatakiwa aitikie 'nipo', kisha ajitaje. Kwetu, mama huaga dunia hivyo. Asipoitikiwa, anaondoka kama hakuzaa."

"Nitaitikia mimi."

"Huwezi kumruka mama yako, mwanangu."

Akamfundisha lile neno moja. Msusi alilibeba njia nzima akilitamka chini kwa chini, lisije likamponyoka. Alimkuta Mama uani anafua, akamweleza yote bila kituo.

"Ni neno moja tu, Mama. Nimekuletea."

Mikono ya Mama ikatulia ndani ya povu.

"Nalijua. Nayaelewa yote. Siku ile alipofumbua macho alikuwa anaomba afunguliwe dirisha."

Msusi akachuchumaa kando ya beseni.

"Nilikuwa na miaka sita," Mama aliendelea. "Tumehamia hapa, watu wanatuita wakuja. Nikamwita dukani kwa lugha yetu, mbele za watu. Alinipiga kibao mdomo ukapasuka. Nikalia kwa lugha hiyo hiyo, sikuwa na nyingine. Akanipiga tena. Akasema nikiitamka tena, nisimwite mama. Miaka hamsini nimemtii. Leo ndiyo anaitaka?"

"Mama, anakufa."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akaketi kitandani. Bibi alikuwa ameshaanza. Akashuka jina kwa jina, akafika kwake, akanyamaza.

Mama akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Neno halikutoka. Msusi akamnong'oneza lile alilofundishwa na fundi. Mama akalianza, likamkwama katikati. Mwisho akasema, kwa lugha ya kila siku, "Nipo, Mama. Mimi hapa."

Bibi alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea chumba. Kisha akageukia ukutani. Hakusema tena. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, alikata roho.

Walipomaliza kuzika na watu kutawanyika, msusi alimwomba Mama amfundishe majina.

"Mimi nasikia tu," alisema Mama. "Kusema, alishanikata ulimi."

Basi msusi akaiweka simu mezani na kuanza mwenyewe, akifuata sauti ya Bibi kidogo kidogo. Jina la kwanza. La pili. La tatu likamshinda, akalirudia mpaka likakaa sawa. La nne akalitamka kwa nguvu, akamgeukia Mama amthibitishie.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hilo si jina, mwanangu," alisema. "Hapo alikuwa anakohoa."