Sahani ya Maini ya Munganga Éliakim

Siku ya kumaliza kilio cha Kavugho, bwana yake Mbusa alichinja mbuzi kwa mikono yake na hakuacha mutu mwingine aguse maini. Aliyachoma pamoja na figo, akayapanga mu sahani ya maua, ile ya wageni, akafunika na jani la ndizi. Shemeji yake Anne-Marie alimuuliza sahani ni ya nani. Akajibu ni ya munganga Éliakim.

Anne-Marie alimuangalia sana. Éliakim ndiye alikuwa mukubwa wa kituo cha afya cha pale karibu, Mususa. Ndiye alimupa Kavugho vidonge vya diclofenac, dawa ya maumivu, wakati goutte, ule ugonjwa wa jongo, ilimukamata kidole kikubwa cha muguu, kikavimba, kikawa chekundu kama pilipili, hata shuka ikigusa pale analia. Kavugho alimuambia kwamba tumbo lake linawaka tangu zamani. Munganga akamujibu ameze tu, siku hizi bagonjwa banapenda kufundisha baganga. Akameza. Kidole kikatulia, kweli. Kisha akaanza kutapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa, na mbele ya juma kuisha bakamuzika. Kwenye kaburi Éliakim alisema ni mapenzi ya Mungu. Ndivyo dunia ilivyo: mudogo akikosa ni kosa lake, mukubwa akikosa ni Mungu amependa.

Na sasa bakubwa benzake balikuwa bamemupandisha cheo. Kesho yake alikuwa anangojewa mu muji wa Beni, bamukalishe mu kiti kikubwa, na kwaya imuimbie.

Mais kitu kimoja Mbusa alikuwa amekishika vizuri. Éliakim naye alikuwa na goutte. Mara ngapi batu bamemuona anatembea na kiatu muguu mumoja, sandali muguu mwingine. Na ni yeye mwenyewe alimukataza Kavugho maini, figo na pombe, kwa sababu ndivyo vinaamusha ugonjwa ule.

Mu ukoo wa Mbusa, mufiwa anapeleka maini yeye mwenyewe kwa mutu anayemushukuru kupita bote, na huyo anayakula mbele ya batu. Akikataa, ni kusema ana neno na marehemu. Donc Mbusa alivuka kiwanja polepole, akapiga goti, akafunua jani.

"Munganga, ni weye uliangalia bibi yangu. Kula."

Éliakim aliangalia sahani. Akaangalia batu, bote balikuwa banamungojea. Akacheka kidogo, akasema Papa Mbusa anamupa heshima kubwa mno, kipande kimoja kinatosha. Mbusa hakuinuka. Munganga akala mpaka figo ya mwisho, na Mbusa akamuletea kikombe kikubwa cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akangoja mpaka akaona chini ya kikombe.

Asubuhi Mbusa alivaa koti, akaenda kituoni kama mutu anayeenda misa. Akamukuta Éliakim amelala kwenye benchi ya bagonjwa na suruali yake ya sherehe, muguu juu ya muto, kidole kama nyanya. Bamama benye batoto balikuwa bamesimama, kwa sababu benchi ilikuwa yake peke yake. Muuguzi Bénite alikuwa anamupepea na kipande cha katoni.

Mbusa akatoa mu mufuko kitambaa cha kichwa cha Kavugho. Kwenye pembe palikuwa fundo, mu fundo vidonge vyenye vilibakia. Alivichunga kwa saa hii. Alitaka huyu mutu avimeze, na kile chenye kingetokea, kitokee.

"Nimekuletea diclo, munganga. Kamata mbili."

Éliakim akageuza uso. "Hiyo hapana. Miye niko na bidonda mu tumbo. Itaniua."

Bénite akaacha kupepea.

Mukono wa Mbusa ukabaki hewani. Siku zote alikuwa anafikiri huyu mutu hakujua, na ni ule ujinga alikuja kuulipiza. Kumbe alijua.

"Kavugho alikuambia hivyo hivyo," akasema, bila kupandisha sauti. "Hapo hapo penye umelala."

Mama mumoja akakaza mutoto mu mugongo, akauliza mwenzake kama amesikia. Mwenzake akasema amesikia, na hata bale ba mulangoni bamesikia. Mbele ya jioni neno lingefika mpaka mitaa ya Bulengera. Éliakim akaomba Papa Mbusa baongee pembeni, mais kusimama hakuweza.

Dawa ingine ya goutte, ile haichimbi tumbo, ilikuwa Beni. Gari yenye ilitumwa kumubeba ilichoka kungoja kule barabarani, ikaenda. Bakamupandisha pikipiki, muguu umenyooka pembeni kama mwiko. Mbusa mwenyewe alimushika kiuno kumusaidia kupanda. Kisha akainamia mwenye pikipiki, akamuomba akimbize, asipunguze hata kwa mashimo, mukubwa anangojewa.

Shimo la kwanza lilikuwa hapo hapo kwenye kona, na kilio kikafika mpaka kwenye kituo. Mbusa akafunga fundo upya. Vidonge hakuvitupa.