Soketi ya Namba Sita

Tik. Kimya. Halafu tik tena, kama birika la umeme linavyojizima maji yakishachemka.

Mama Kidoti alisimama katikati ya jiko la pamoja, sufuria mkononi. Giza alikuwa amelileta mwenyewe: jioni hiyo alizima swichi kuu ya jiko ili ajaribu alichofundishwa kwenye masomo yake ya umeme. Mabirika yote matano yalikuwa baridi.

Tik.

Sauti ilitoka ukutani, kando ya sinki, mahali pasipo na soketi. Na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha bintiye wa miaka minne.

Jiko lile lilikuwa na desturi yake. Kila chumba na soketi yake, namba ya mlango imeandikwa juu kwa rangi nyekundu. Hata ulie machozi, hupikii kwenye soketi ya mwenzio. Ndiyo maana mwoka mikate wa namba sita alipofariki, majirani hawakuita fundi wa umeme. Nani angerithi soketi ya marehemu? Walikata waya wa birika lake, plagi wakaiacha imechomekwa humo humo, wakaipiga plasta hapo kando ya sinki na kupaka rangi. Heshima, walisema. Mwalimu wake wa masomo ya umeme angesema ni nyoka chini ya mkeka.

"Mama Kidoti, tangu uanze shule, hata panya akikohoa unamtafutia waya!" Fundi cherehani wa namba mbili alicheka mlangoni, tochi mkononi.

"Cheka tu, dada. Mwanangu analala kichwa kimegusa ukuta huu."

Tik.

Kicheko kilikatika kama uzi.

Msimamizi wa jengo alikuja na kandambili zake na rundo la funguo. Akasikiliza, akakuna kidevu.

"Laini ya namba sita ilitoka chumbani kwake, haikupita kwenye swichi ya jiko. Twende tukaizime kwenye mita yake, watu wapumzike."

Mama Kidoti alishusha pumzi. Kumbe jambo lilikuwa na sababu, na lenye sababu lina dawa.

Kwenye kabati la mita, koridoni, nafasi ya namba sita ilikuwa ubao mtupu. Matundu manne ya skrubu, ncha mbili za waya, na utando wa buibui.

"Kumbe waliing'oa," msimamizi alisema polepole.

"Lini?"

"Itakuwa wiki ile ile ya mazishi."

Mama Kidoti aligusisha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, kwenye ncha ya kwanza, kisha ya pili. Haikuwaka. Akaijaribu kwenye soketi ya korido; ikawaka vizuri tu.

Waliporudi jikoni, msimamizi alitega sikio, akarudi kinyumenyume.

"Kesho nitaleta nyundo."

"Na leo je, kaka?"

"Leo, dada yangu, mimi nina watoto."

"Na mimi nina nini? Kuku?"

Lakini kandambili zilikuwa tayari zinapiga ngazi. Mama Kidoti aliipima plasta kwa testa, haikuwaka, kisha akaigusa kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Hakusubiri nyundo. Aliingia chumbani, akakokota kitanda cha bintiye hadi ukuta wa mkabala, ule unaotazama nje. Ukuta huo aliujua. Wiki iliyopita alichora nyaya za chumba chake kwa kazi ya darasani, na upande huo aliuacha mweupe. Haukuwa na waya hata mmoja, wala jirani nyuma yake. Nje kulikuwa na hewa tu na ghorofa tatu za kuanguka.

"Mbona tunahama?" Kidoti aliuliza, akivuta ncha ya blanketi kusaidia.

"Tunafuata upepo, mama. Huku utalala vizuri."

Akamfunika hadi kidevuni, akambusu. Mtoto alijigeuza, akaweka kiganja ukutani.

"Mama, na huku kuna joto."