Goti la Sadibou

Mimi ni Mserere, na Wajola ni watani zetu tangu enzi za mababu. Nimeolewa hapa Ziguinchor, mji wao, nimezeekea hapa, na kazi yangu kubwa baada ya kuuza samaki wakavu ni kuwatukana. Nao hunitukana. Hakuna anayekasirika, na akithubutu kukasirika anachekwa mpaka ajute.

Niliyependa kumtukana kuliko wote ni Sadibou Goudiaby, beki wetu. Amecheza Tunisia, Ubelgiji, Uturuki, na timu ya taifa mara chache, walipokosa mtu. Kila Juni, ligi za huko zikiisha, anakuja nyumbani, na wa kwanza kumpokea ni mimi. "Mtumwa wangu karudi! Mla wali asiyejua kufunga goli!" Naye ananirudishia, "Nyamaza, Mserere wewe! Nilikuacha sokoni uuzwe, kumbe mpaka leo hujapata mnunuzi?" Basi mtaa mzima unavunjika mbavu.

Mwaka huu alikuja kibandani kwangu asubuhi, soko likiwa halijachangamka. Nikaanza, "Mtumwa wangu..." Alikaa juu ya kreti, akaunyoosha mguu wa kulia kwa mikono miwili, akapandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba na kujaa makovu, halina tena umbo la goti. Nilikuwa na samaki mkononi, nikamrudisha kwenye fungu.

"Wananidunga sindano kabla ya mechi," alisema. "Nacheza sisikii kitu. Ganzi ikiisha natambaa kwenda chooni. Daktari kaniambia msimu mmoja tu mwingine, nitatembelea fimbo maisha yangu yote."

"Si uache, mjinga wewe!"

"Niache vipi, Siga? Kesho Kaoussou anataka nisaini tena. Misimu miwili."

Kaoussou ni kaka yake mkubwa. Tangu baba yao afariki yeye ndiye baba, na ndiye anayezungumza na wakala anayemtafutia mdogo wake timu. Nyumba yao ni kubwa, ina wajane, ina mabinamu, ina watoto wa kila darasa, na wote wanakula kwa mguu ule.

"Nimemwambia sitaki, anacheka," Sadibou akaendelea. "Anasema mabeki wote hulalamika msimu ukiisha. Nimechoka, Siga. Mshambuliaji akikosa, watu wanasema bahati mbaya. Mimi nikikosa mara moja, naulizwa mpaka msikitini. Miaka yote hii kazi yangu ni kugongwa. Mwambie wewe. Wewe mtani, hawezi kukukatalia."

Hapo alisema kweli. Kwetu mtani akiomba jambo kwa dhati, anayemkatalia anajitafutia balaa. Nikamwambia aende zake, nitakuja.

Kesho yake walichinja mbuzi. Ua ulijaa, masinia ya wali yakapangwa kwenye mikeka, na Kaoussou akasimama na kanzu yake mpya kutangaza kwamba mdogo wake anasaini jioni ile. Watu wakapiga makofi. Nikaropoka palepale nilipokaa.

"Nyie Wajola walafi! Nyama ya mbuzi haiwatoshi, mnataka kumtafuna na huyu? Goti lake limekwisha! Mwacheni!"

Walicheka mpaka wengine wakapaliwa na wali. "Msikieni Mserere!" Kaoussou akasema huku akifuta machozi. "Anataka mtumwa wake abaki hapa amfulie nguo!" Mama yao, Mama Nyima, naye alicheka. Hata Sadibou alicheka, kwa mazoea tu. Hicho ndicho kilichoniuma. Nikakasirika, na mimi nikikasirika sina breki.

Nikavua viatu. Nikaenda mpaka mkeka wa Kaoussou, nikapiga magoti mbele yake, mimi ambaye kwa umri ningeweza kumzaa.

"Kaka Kaoussou," nikasema. "Mama Nyima, dada yangu. Naomba radhi kwa kuingilia mambo ya nyumba yenu."

Tangu nimfahamu Kaoussou sijawahi kulitamka jina lake bila kulibandika uchafu. Vicheko vikakatika. Kaoussou akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Siga, inuka. Usinifanyie hivi. Nitukane."

"Leo sina tusi, kaka. Namuombea huyu mtu apumzike."

Alinitazama mimi, kisha akamgeukia mdogo wake. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kwenye simu wakati wa baridi," Sadibou akajibu, bila hasira. "Nikakuambia tena siku uliponipokea uwanja wa ndege. Ulicheka."

Mama Nyima alisogea, akauweka ule mguu mapajani mwake, akapandisha suruali. Hakuwa ameliona goti lile, maana mwanawe akiwa nyumbani havai kaptula. Kisha akalifunika kwa ncha ya kitenge chake na kulishikilia, na hakumtazama tena Kaoussou.

Kaoussou akachukua simu, akaenda kusimama langoni kumpigia wakala. Tulimsikia. "Hapana, si mambo ya pesa. Hapana, hajapata timu nyingine. Amechoka. Nakuambia amechoka, hulijui neno hilo?"

Aliporudi alikaa chini na kanzu yake mpya, hata hakuangalia anakalia nini. "Sasa tutakula nini?" akasema. Hakuwa akimuuliza mtu.

Kila mmoja pale alikuwa akijiuliza hilohilo, hata mimi, maana hao ndio wateja wangu. Tukamtazama Sadibou, labda atatuambia. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mguu mapajani mwa mama yake. Mama Nyima akatunyooshea kidole tunyamaze, nasi tukaendelea kula.