Tanuri Lililongoja Kilio

Mwaka wa pili tangu operesheni ya serikali iwahamishie kijijini, Esteri alifyatua matofali kwa pupa hata wenzake wakamtania kwamba anataka kuolewa na mwalimu. Waache wacheke. Yeye alikuwa na watoto wawili, Evaristi na Kudra, na shule ilikuwa Busunzu, ng'ambo ya mto usio na daraja. Makubaliano ya kujenga shule pale kijijini yalikuwa mepesi: serikali ilete mwalimu; Abdulrahmani, mwenye duka Kibondo mjini, atoe mabati na lori lake; wanakijiji wasimamishe kuta. Matofali yalikauka, yakapangwa tanuri. Ilibaki kuwasha.

Asubuhi ya kuliwasha, mvua ikiwa imetangulia milimani, mto ulimchukua Evaristi akienda shule.

Basi, pale kijijini, penye msiba kazi husimama. Jembe halishikwi, tanuri haliwashwi, mpaka kilio kiishe. Watu walijaa kwa Esteri, wakalala chini naye. Abdulrahmani alileta mchele, akalia kama mfiwa. Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo panapouma.

Siku ya pili mawingu yalitanda. Esteri akainuka mkekani, akamfuata Bazilio, kaka wa marehemu mumewe.

"Shemeji, washeni tanuri. Mvua haitungoji."

"Tumwache mtoto, twende kazini? Watatuona hatukumlilia."

"Nimebakiwa na mmoja."

Bazilio alimshika mkono, akamrudisha mkekani taratibu. Wanawake wakanong'ona kwamba uchungu umempanda kichwani. Upole gani ule, jamani! Wangemtukana, angalau angepata wa kugombana naye.

Jioni mvua ikashuka. Esteri alitoka mbio na majani ya migomba kufunika tanuri, wakamkamata, wakamrudisha tena. Kesho yake palikuwa na rundo la tope. Mwalimu akapangiwa kijiji kingine, na mabati yakamfuata huko.

Kilio kilipoisha, balozi wa nyumba kumi alifika kwa haya, akasema agizo ni agizo, kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Jumatatu Esteri akamshusha Kudra mtoni. Maji yalikuwa mengi.

"Mama, Evaristi alipita hapa?"

Esteri alimwambia afumbe macho. Akambeba mgongoni, msichana mkubwa vile, akamkaza kwa kanga mafundo mawili, ili mto ukimtaka mmoja uwachukue wote.