Redio ya Njogu na Salamu za Andati

Njogu aliinunua ile redio kaseti mwaka wa sabini na saba, wakati kahawa ilikuwa na bei na watu walikuwa wakifika soko la Kariokor kununua viatu vyake bila kubishana sana. Aliibeba begani kutoka mjini mpaka mtaani kwao Huruma ikiimba njia nzima, na mkewe Teresiah aliisikia kabla hajamwona aliyeibeba. Wiki hiyo majirani waliingia chumbani mwao kwa visingizio vya kila aina. Hata aliyekuja kuomba kiberiti alikaa saa nzima.

Kufikia mwaka wa themanini na nne mambo yalikuwa mengine. Mvua ilikuwa imekataa, unga madukani ulikuwa wa manjano na foleni yake ilianza kabla ya jua kuchomoza. Njogu bado alishona akala, vile viatu vya matairi, palepale Kariokor, ila sasa wateja walizishika, wakazipindapinda, wakamsifu kwa kazi nzuri, kisha wakaenda zao. Redio nayo ilikuwa imezeeka vibaya. Upande wa kaseti ulitafuna kanda, na Teresiah alizoea kumkuta mumewe amekaa kitandani, ulimi nje kidogo, akizungusha kanda kwa kalamu ya biro ili arudishe utepe uliomwagika kama matumbo ya mbuzi. Kitufe cha sauti kiling'oka, wakawa wanapandisha sauti kwa koleo ya kung'olea misumari. Halafu eriali ikakatika.

Fundi Awale wa Gikomba aliipindua, akapuliza vumbi, akasema eriali ya aina ile haiingii tena nchini. Alifunga waya mrefu wenye kibanio, akamwambia Njogu aubane kwenye chuma chochote kile. Njogu alijaribu kitanda, dirisha, ndoo na mlango wa bati. Redio ilikoroma tu. Siku ya tatu, kwa kukata tamaa, aliubana kwenye ukingo wa sufuria kubwa ya mkewe, na mtangazaji akaingia chumbani waziwazi kama mgeni aliyekaribishwa.

Shida ni kwamba sufuria kubwa ilikuwa moja, na redio haikuitaka ile ndogo. Teresiah aliijaribu mwenyewe mara tatu, kwa sababu hakuamini kwamba kitu kisicho na tumbo kinaweza kuchagua sufuria. Tangu hapo kila jioni wakawa na mashauri. Githeri ya mahindi na maharagwe huchukua saa tatu kuiva, na taarifa ya habari haingoji mtu. Njogu alipendekeza apewe sufuria kwa robo saa tu, Teresiah akamuuliza maharagwe yangoje wapi hiyo robo saa. Siku moja Njogu alibana waya sufuria ikiwa jikoni inachemka. Redio ilisikika vizuri kuliko siku zote, mpaka ngozi ya waya ilipoyeyuka, na chakula cha siku hiyo kikanuka kama duka la matairi. Walikila, maana hapakuwa na kingine.

Juu ya hayo yote yalikuwa mawe, yaani zile betri kubwa sita. Mapya hayakununulika, kwa hiyo Njogu aliyaanika yale ya zamani dirishani kila asubuhi kama mtu anayeanika samaki wadogo wa omena. Yakipata jua la kutosha yalitoa nusu saa ya sauti. Teresiah ndiye aliyeyalinda yasiibwe, na wakati mwingine, akiyageuza upande wa pili, alijiona kama mwanamke mlezi wa watoto sita wasiokua.

Aliyemfanya avumilie ni jirani yake wa mlango wa pili, Phelister. Mumewe, Andati, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha blanketi, na kiwanda kikafungwa bila kuaga. Andati akaamua kurudi kwao magharibi kutafuta mahindi, walau gunia mbili. Barua hangeweza kuandika, kwa kuwa sanduku la posta walilotumia lilikuwa la kiwanda. Basi walikubaliana kwamba akishapata atatuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha Ijumaa jioni, na Phelister asikilize. Redio nyingine mbili za ploti yao ya vyumba vya kupanga hazikuwa na msaada: moja ilikuwa imeuzwa, na ya pili ilisubiri mawe tangu Pasaka.

Ijumaa tatu mfululizo Teresiah aliinjika mapema, akatoa githeri haijaiva vizuri, akaosha sufuria na kuiweka mezani. Phelister aliketi mbele yake, mtoto wake Nabiswa mapajani, wakasikiliza watu wa Nyeri wakiwasalimu watu wa Voi. Jina la Andati halikutajwa.

Ijumaa ya nne lilitajwa. Mtangazaji alisoma kwa mbwembwe kwamba Andati, aliye nyumbani kwa wazazi wake, anamsalimu mkewe Phelister wa Huruma na binti yake Nabiswa, na anawajulisha kwamba yuko mzima, mzigo umepatikana, na atafika Nairobi juma—

Redio ikanyamaza. Njogu aliipiga kofi, akatoa mawe, akayauma moja moja kwa meno, akayarudisha. Kimya. Phelister alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Jumamosi au Jumapili?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Ingeweza kuwa Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne au Jumatano. Teresiah alimgeukia mumewe taratibu. Alikumbuka kwamba alasiri ile, aliporudi kutoka bombani na mtungi wa maji, alikuta waya umebanwa kwenye sufuria na mtu akitangaza mpira.

"Baba Irungu," alisema, akimwita kwa jina la mwana wao, "ni nani alikula mawe leo?"

Njogu alitazama viatu vyake. Alisema ni kipindi cha kwanza tu, na tena timu yenyewe ilifungwa. Teresiah hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba Phelister anafua nguo za watu Eastleigh kutwa nzima, na Andati hawezi kuteremsha magunia peke yake pale stendi ya mabasi ya mashambani, maana ukigeuka kutafuta mkokoteni unaporudi hukuti kitu. Kwa hiyo atakayekwenda kumpokea ni Njogu, kuanzia kesho, siku zote zinazoanza na Juma.

Njogu alikwenda. Stendi haikuwa mbali na Kariokor, lakini mabasi ya magharibi hayakuwa na saa, na kukaa bure kulimkera. Jumamosi alirudi mikono mitupu, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja, akiwa na suti, na mara hii alibeba jozi nne za akala alizozifunga kwa kamba, ashone kidogo huku akingoja. Utingo mmoja wa basi la Kakamega, ambaye viatu vyake vilikuwa vimebaki nyuzi, aliziona na kuuliza bei. Alinunua palepale na kuondoka amezivaa. Jumatatu Njogu alibeba jozi kumi. Jumanne wateja walimngoja. Jumatano aliuza zote kabla ya saa nane, akarudi nyumbani na pakiti mbili za unga na majani chai, na Teresiah alipomuuliza kuhusu Andati alishtuka, kwa sababu kwa muda mrefu siku ile alikuwa amemsahau.

Siku zilikuwa zimekwisha. Usiku ule Phelister hakula. Teresiah alimpelekea chai, akakaa naye.

Alhamisi saa tisa, Njogu akiwa stendi na akala zake wala hamngoji mtu, alisikia jina lake likiitwa kutoka juu ya basi. Andati alikuwa ameketi juu ya gunia tatu za mahindi, amekonda, anacheka.

Walipofika Huruma na mkokoteni, Phelister alimpokea mumewe kwa kilio kwanza, kisha kwa hasira. Alitaka kujua ni Juma gani lililoangukia Alhamisi. Andati alishangaa.

"Niliandika juma lijalo," alisema. "Na hili si ndilo?"

Teresiah alianza kucheka, akalazimika kushika ukuta. Njogu alitaka kukasirika kwa ajili ya siku tano alizokula vumbi, lakini uso ulimkatalia, naye akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Andati aliwapimia debe moja la mahindi, wakakataa, akawaongezea la pili. Jumatatu iliyofuata Njogu alimpa Andati kamba yenye jozi kumi na mbili za akala akauze, akamwonyesha mahali ambapo basi la Busia husimama na mahali ambapo la Kitale husimama, na utingo yupi hulipa na yupi huahidi tu. Andati, aliyekuwa amezoea kengele ya kiwanda, aliona aibu ya kuita wateja siku mbili nzima. Siku ya tatu sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.